Hams, Jahr na Shahada ya Kiingereza

Kila ninaporudi Wete, kwetu Pemba, kwa likizo huulizwa ninasomea nini huko Unguja, na kila ninapojibu kwamba ninasomea lugha, fasihi na utamaduni wa Kiingereza, huiona huruma ikimwingia muulizaji usoni. Mmoja niliyemaliza naye skuli anasomea uuguzi, mwengine uhasibu. Mimi nimepanda boti nikavuka bahari kwenda kusomea kitu ambacho, kwa maneno ya jirani yetu, hata papasi wa Forodhani, yule anayewafuata watalii kuwatembeza, anakizungumza, tena pamoja na Kitaliano, bila ya kulipa ada ya muhula hata mmoja. Miaka miwili ya mwanzo sikuwa na jibu la kumpa zaidi ya kucheka. Sasa nimo katika mwaka wa tatu, na ninachoweza kumwambia ni kwamba mengi ya niliyosomeshwa huko nilikuwa nimeshafundishwa nusu yake hapa hapa Wete, kwa majina mengine, na bila ya mtu kuniambia kwamba ile nayo ilikuwa elimu ya lugha.

Sikuligundua hilo mapema, kwa sababu siku ya kwanza kabisa mhadhiri mmoja alipitisha macho kwenye orodha ya skuli tulizotoka akasema kuwa tunakuja bila ya msingi. Kwa upande mmoja alisema kweli. Wengi wetu tulisoma sekondari kwa Kiingereza cha ubaoni: mwalimu aliandika maelezo kwa Kiingereza, akayafasiri kwa Kiswahili, nasi tukayanakili na kuyahifadhi, hata nikaweza kueleza namna mmea unavyojitengenezea chakula kwa sentensi tano zisizo na kosa, na nisiweze kuomba maji ya kunywa kwa lugha hiyo hiyo. Tulipotakiwa kuandika kurasa mbili za maoni yetu wenyewe juu ya shairi fupi, nilikaa na karatasi tupu mpaka ikaadhiniwa adhuhuri. Hata hivyo neno lile la msingi lilinikwama kooni, na kilichokuja kulitoa ni somo la fonetiki, yaani elimu ya sauti za lugha.

Mhadhiri wa somo hilo alichora ubaoni kichwa cha mtu kilichopasuliwa kati, kuanzia pua mpaka koo, akaanza kuonesha kila sauti inazaliwa wapi. Nilipoiona picha ile nilimkumbuka babu yangu, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akisomesha chuoni, na hapa nakusudia chuo kwa maana tuliyokulia nayo, pale watoto wanapokaa juu ya jamvi na misahafu yao, si hiki kinachoitwa kikuu. Babu hakuwa na picha. Alikuwa na kinywa chake mwenyewe, nacho alikitumia kutufundisha makharij, yaani mahali inapotokea kila herufi ya Kiarabu: ncha ya ulimi iguse ncha za meno ya mbele ya juu kwa th ya thumuni na dh ya dhahabu, shina la ulimi linyanyuke kwa qaf, katikati ya koo pabane kwa ain. Alituamrisha tuweke kiganja mbele ya midomo tuihisi pumzi, akatuhifadhisha zile herufi 10 za hams, ambazo pumzi hupita nazo, akasema zilizobaki ni za jahr, ambazo pumzi huzuiwa.

Mhadhiri naye akatwambia tuweke vidole kooni tusikilize mtetemo, akazigawa konsonanti kuwa ghuna, zenye mtetemo, na sighuna, zisizo nao. Th ikaangukia upande ule ule wa hams, dh upande ule ule wa jahr. Ulinganifu wenyewe si kamili, maana wanazuoni wa tajwidi, elimu ya kuisoma Kurani, huiweka qaf katika jahr ilhali fonetiki ya leo huihesabu kuwa sighuna, na swali hilo nililiuliza darasani kwa kujiamini ambako sikuwahi kuwa nako tangu nifike. Wiki ile sisi wa Chake, wa Makunduchi na wa Mjini tulitamka "think" na "this" bila ya taabu yoyote, wakati kitabu tulichokuwa tukikitumia kilizitaja sauti hizo mbili kuwa ni kikwazo kikubwa kwa wanaojifunza Kiingereza ugenini.

Irabu ndizo zilizotuumbua. Kiswahili kina irabu tano, na Kiingereza cha lafudhi inayofundishwa kwenye vitabu vingi vya Uingereza huhesabiwa kuwa na irabu 20, pamoja na zile zinazoungana mbili mbili. Kinywani mwangu kofia, kibanda, moyo na jeraha, yaani "hat", "hut", "heart" na "hurt", vyote vilikuwa kitu kimoja. Siku niliposoma kwa sauti shairi la mapenzi mbele ya darasa, niliwaona wenzangu wakiinamisha vichwa kuficha vicheko, kwani mshairi alikuwa amemkabidhi mpenzi wake kofia. Kusema kweli sijapona maradhi hayo mpaka leo.

Historia ya lugha ya Kiingereza niliingia nayo kwa uvivu nikatoka nayo kwa mshangao. Nilikuwa nimeshazoea kuyalaumu maneno kama "night" na "knight" kwa kubeba herufi zisizotamkwa, kana kwamba ziliwekwa kwa makusudi ya kutukomoa. Kumbe zilikuwa zikitamkwa. Katika Kiingereza cha zama za mshairi Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, k ya "knight" ilisikika waziwazi, na gh yake ilikaribiana na kh tunayoitamka katika kheri na khofu. Matamshi yakaja kubadilika, ilhali tahajia, ambayo uchapaji ulioanzishwa Uingereza na Caxton mwaka 1476 ulisaidia kuigandisha, ikabaki pale pale. Mhadhiri alipotafuta wa kusoma mistari michache ya zama hizo kwa sauti, alitaka mtu asiyeogopa kh, na darasa zima lilinyanyua mikono. Tulisoma pia namna Wanormandi walivyoiteka Uingereza mwaka 1066, wakaacha Kifaransa chao mahakamani na mezani, hata ng'ombe akiwa hai ana jina la Kiingereza na nyama yake ikifika kwenye sahani ina jina lililotoka Kifaransa. Sikuhitaji kuelezwa mara mbili, kwani sisi tuna hakimu, shahidi na sheria kutoka Kiarabu, na jembe, mvua na kupika kutoka Kibantu, tena katika wiki moja tuna Jumatano na siku ya pili yake Alhamisi, majina ambayo yote mawili yamebeba tano ndani yake, moja ya Kibantu na moja ya Kiarabu, na hakuna anayeona ajabu.

Arudhi, yaani kanuni za utungaji wa mashairi, ilikuwa karibu nifeli. Soneti za Shakespeare, mashairi ya mistari 14 kila moja, 154 kwa jumla, zilizochapishwa mwaka 1609, nilizisoma kwa vidole, kama nilivyofundishwa kusoma shairi letu: mishororo minne katika ubeti, mizani nane kwenye ukwapi, nusu ya kwanza ya mshororo, na nane kwenye utao, nusu ya pili, vina vya kati na vya mwisho visipotoke. Nilihesabu silabi 10 katika mstari, nikafurahi. Mstari wa mbele nikapata 11, nikamwona mshairi amekosea. Kwetu mizani ikizidi hata moja mtu hurudishiwa shairi lake. Ilinichukua muhula mzima kuelewa kwamba kule kinachopimwa hasa ni mkazo, tano katika mstari, na kwamba mkazo wa Kiingereza hauna makao maalumu kama wa kwetu, ambao kwa kawaida hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho wa neno.

Kilichonisaidia si kitabu cha Kiingereza bali ni tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969 ya tamthilia ya Shakespeare "The Merchant of Venice", aliyoiita "Mabepari wa Venisi", ambamo mistari inakwenda bila ya vina na bado inatembea kwa mwendo wake. Nikaikalia tafsiri hiyo wiki nzima nikiilinganisha na ya asili, nikaona jinsi mfanyabiashara mmoja wa jina la asili alivyogeuka mabepari wengi, miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha lililotangaza ujamaa. Sidhani kama ni bahati mbaya.

Lakini kama kuna somo lililonirudisha nyumbani kwa miguu yote miwili, ni riwaya ya Jane Austen ya mwaka 1813, "Pride and Prejudice". Wenzangu wengine waliiona kuwa ni hadithi ya wazungu kunywa chai na kucheza dansi. Mimi niliiona kuwa ni hadithi ya posa na mirathi. Bwana Bennet ana mabinti watano na hana mtoto wa kiume. Mali ya ukoo imefungwa kwa warithi wanaume, kwa hiyo siku atakapofariki nyumba na shamba vitakwenda kwa jamaa anayeitwa Collins, na mke na mabinti watakuwa hawana pa kukaa. Wasiwasi wa mama yao, ambao wahakiki hupenda kuucheka, umetoka hapo.

Likizo hiyo nilimsimulia babu, naye akaacha kuvuta tasbihi. "Mabinti watano, mjukuu wangu, na mke yu hai?" Nikamwambia naam. "Baba na mama wa huyo bwana?" Nikamwambia hawatajwi. Akachukua kalamu, akageuza bahasha ya bili ya umeme, akapiga faraidhi, hesabu ya mirathi ya Kiislamu. Mke hupata thumuni kwa kuwa marehemu ameacha watoto. Mabinti wawili au zaidi wasio na kaka hupata theluthi mbili wakagawana. Katika mafungu 24, mabinti 16, mke matatu, na matano yaliyobaki ndiyo ya huyo Collins, "akithibitika kuwa ni asaba," alisema, yaani jamaa wa upande wa kiume anayechukua kilichobaki, kwa sababu jina lake halifanani na la ukoo na babu hakupenda kulipitisha hivi hivi. Halafu akaniuliza mahari ilikuwa kiasi gani. Nilipomweleza kwamba katika jamaa ile ni upande wa bibi harusi unaotazamiwa kuja na fedha, alinitazama kama mtu aliyetapeliwa, na kwa siku tatu alinidai simulizi iliyobaki.

Bahasha ile niliiingiza, kwa maneno, katika insha yangu. Mhadhiri, si yule wa msingi, aliandika pembeni kwamba hajapata kuisoma hoja hiyo mahali pengine, akanikata alama kwa ajili ya vituo.

Baada ya hapo sikuona tena haya kuuliza maswali ya nyumbani. Tulipofika kwa Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Unguja mwaka 1948 na kutunukiwa Nobel ya Fasihi mwaka 2021, darasa lilitarajia kuzungumza juu ya ukoloni na uhamiaji, nasi tukazungumza. Lakini katika riwaya yake "Paradise" ya mwaka 1994 mimi nilikwama kwenye neno moja dogo. Yusuf, mtoto aliyewekwa rehani na baba yake kwa tajiri Aziz kwa sababu ya deni, anamwita tajiri huyo "Uncle". Ami au mjomba? Kiingereza hakijali, sisi tunajali, kwani ami ni wa upande wa baba na mjomba ni ndugu wa mama, na heshima na utani wake si mmoja. Kisha Khalil, kijana anayefanya kazi dukani kwa Aziz, anamkataza asimwite hivyo, amwite seyyid, yaani bwana, na hapo ndipo mtoto anapoanza kuelewa kwamba hana undugu wowote na mtu yule. Ida Hadjivayanis, aliyeifasiri riwaya hiyo kwa Kiswahili kwa jina la "Peponi", hakuwa na ruhusa ya kubaki baina ya mawili kama Kiingereza kilivyobaki.

Hiyo ndiyo mada ya tasnifu yangu: majina ya jamaa yanapovuka kutoka lugha moja kwenda nyengine. Msimamizi ameikubali. Sura ya kwanza imepita, na ya pili imerudi juzi ikiwa imejaa wino mwekundu, karibu wote kwenye kineno "the", ambacho Kiswahili hakina na ambacho babu, nilipomsomea kwa simu, alisema ni dh, herufi ya jahr, na kwamba matamshi yangu hayana kasoro.