Magamba kwa mwendo wa kupanda

Kila nikimwambia mtu kwamba nimepita msitu wa Magamba kwa baiskeli, swali la kwanza huwa ni la mteremko. "Huko kuna mteremko wa maana, sio?" Upo. Ni mrefu, una kokoto, una mifereji iliyochimbwa na mvua, na kona zake ukizikosa unaishia kwenye kabichi za watu. Lakini leo nataka kuandika habari za kupanda, maana msitu niliuona wakati napanda. Kushuka nilishuka tu.

Magamba iko juu ya mji wa Lushoto, Usambara Magharibi. Ni hifadhi ya mazingira asilia yenye zaidi ya hekta 9,000, iko chini ya TFS, wakala wa serikali wa huduma za misitu, na sehemu yake ya juu kabisa inakaribia mita 2,300. Lushoto mjini ni kama mita 1,400. Hiyo tofauti inalipwa na mapaja. Kiingilio kinalipwa ofisini, unapewa mtu wa kukuongoza, basi, safari inaanza.

Mwongozaji wangu alikuja na baiskeli ya Foniksi nyeusi isiyo na gia, breki zake za vyuma, keria imefungwa kwa mpira wa tyubu kuukuu. Mlima wa kwanza tu akashuka, akaanza kusukuma bila haya wala haraka, huku anapiga stori. Mimi nikaweka gia nyepesi kuliko zote, nikainama juu ya usukani, nikanyonga kwa nguvu zangu zote. Tukaenda sambamba. Nahema, yeye anaongea. Kwenye kona ya tatu au ya nne hivi nikashuka na mimi.

"Kaka, na gia zote hizo?" akaniuliza.

Mpaka ukingo wa msitu ni mashamba: viazi, karoti, kabichi, matuta yamepandishwa mpaka mahali ambapo mbuzi mwenyewe angefikiria mara mbili. Jua linachoma. Kisha unavuka mstari wa miti na ubaridi unakupokea hapo hapo. Jasho lililokuwa linachemka mgongoni linakuwa kama maji ya mtungi. Ukiwa ndani ya gari jambo hili huligundui, kwa sababu kioo kimefungwa, na hata kikiwa wazi ndani ya dakika umeshapita. Kwa baiskeli ya kusukuma unakaa kwenye huo mpaka muda wa kutosha kuuhisi kwanza usoni, kisha mikononi, na mwisho kifuani. Majani yanatona ingawa mvua hakuna. Ni ukungu: unagandia kwenye kuvumwani inayoning'inia matawini kama ndevu, halafu unashuka tone kwa tone. Maji ya mifereji ya wale wakulima wa chini yanaanzia hapa.

Barabara yenyewe ilinishangaza. Mlima ni mkali, mabonde yanatisha, lakini njia inazunguka taratibu, haikukabili kifua kwa kifua. Mwongozaji akanieleza kwamba njia nyingi humu zilichongwa kwa ajili ya magogo, na lori lililobeba gogo haliwezi kupanda wala kushuka kama mbuzi. Upande wa Shume, kabla ya Vita vya Kwanza, Wajerumani walivuta waya wa chuma kutoka juu mlimani mpaka stesheni ya reli ya Mkumbara, mbao za mwangati zikawa zinateremshwa zikielea hewani. Kwa hiyo mwinuko huu wa huruma ninaoufurahia mimi ulipimwa na watu waliokuja kuumaliza msitu. Sijui nilichukulieje hilo. Niliendelea kusukuma.

Akasimama kwenye mti mmoja mnene, akaokota kipande cha gome kilichoanguka, akakivunja, akanipa ninuse. Mkulo. Harufu ya kafuri kabisa, ile ya sanda. Nikamrudishia haraka, akacheka mpaka Foniksi ikamponyoka. Mkulo ulikatwa sana zamani kwa mbao zake nzuri, ndiyo maana ule mti mnene alinionyesha kama anayemtambulisha mzee wa ukoo.

Mbele kidogo akaninyooshea mkono nisimame. Katikati ya alama ya tairi alikuwa anavuka kinyonga dume, wa kijani iliyochanganyika na manjano, na puani ana pembe mbili zenye magamba magamba, zimechongoka kwenda mbele. Jamii hii haipatikani popote duniani isipokuwa Usambara Magharibi. Alikuwa anatembea kwa ule mtindo wao: mguu unanyanyuliwa, unasita, unarudi nyuma, unakwenda tena. Jicho moja lilikuwa linanitazama mimi, lingine tairi la mbele. Tulimsubiri mpaka akashika jani la ng'ambo. Nikajiuliza wangapi wanakanyagwa na sisi tunaoshuka kwa kasi tukijisifia muda tuliotumia.

Mbega tuliwasikia kabla ya kuwaona, kisha mkia mweupe ukapita juu, basi. Hondohondo ndiye aliyeniacha mdomo wazi. Mbawa zake zina mvumo mzito, unasikika kutoka mbali unakuja, unapita kichwani, unaondoka, na muda wote huo yeye mwenyewe hajaonekana. Nikiwa naendesha kwa kasi ningedhani ni upepo wa masikioni mwangu.

Karibu na mwisho wa mlima tukakutana na bibi mmoja na mzigo wa kuni kavu kichwani, anateremka peku kwenye mawe kama yuko sebuleni kwake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu." Akaiangalia baiskeli, akaniangalia mimi. "Hiyo inakubeba, au unaibeba?"

Sikuwa na jibu la maana. Mwongozaji akamwambia kitu kwa Kisambaa, wakacheka wote wawili, na mpaka leo hajanitafsiria.

Pango lililochimbwa na Wajerumani wakati wa vita nililiingia kidogo nikatoka. Ni giza, na mimi na popo hatuelewani. Huko juu mawingu yalikuwa yamefunika bonde, tukala chapati na ndizi, tukageuza.

Mteremko? Mikono ilikufa ganzi kwenye breki. Raba za breki zilianza kunuka. Macho hayatoki kwenye mita tatu za mbele: jiwe, mfereji, mzizi, jiwe. Niliipita ile miti yote tuliyoisimamia, mkulo na yote, na nisingeweza kukuambia ilikuwa upande gani. Kijana wa Foniksi alishuka akiburuza soli ya kiatu chini kusaidia breki, na bado alifika kabla yangu. Tulichotumia asubuhi nzima kukipanda kiliisha kabla mwili haujapoa.

Kesho yake nilitakiwa kuteremka lami inayopita Soni mpaka Mombo, kilomita 33 hivi, ambayo waendesha baiskeli wengi huisifia kuliko kitu chochote Tanga. Nikaenda stendi ya Lushoto nikamuuliza konda nauli ya baiskeli. Akaizunguka, akaipima kwa mkono, akasema atanichaji kama gunia la viazi, lakini nikubali ilale juu pamoja na magunia. Nikakubali. Nikakaa dirishani nikala pichesi mpaka Mombo, na mlima ule nimejiwekea wa kuupanda safari ijayo.