Vichekesho vya Zamani na Umri wa Anayecheka

Msimu uliopita wa korosho niliambiwa, ndani ya wiki moja, maneno mawili yasiyopatana. Kijana mmoja, karani wa wanunuzi aliyepanga katika nyumba ya kulala wageni ninakofanya kazi hapa Mtwara, alichungulia kompyuta yangu pale mapokezi, akaona picha isiyo na rangi ya mwanamke anayehangaika kufunga chokoleti huku mkanda wa mashine ukimletea nyingine, akaniuliza, "Kaka, bado unaangalia vitu vya wazee?" Siku tatu baadaye mzee mmoja wa mtaani kwetu Chikongola, ambaye huja jioni kuzungumza na mama yangu, alinikuta nikicheka mbele ya runinga, akatikisa kichwa na kusema kwamba mtu wa miaka 39, mwenye mke na watoto, haimpendezi kukenua meno kwa michezo ya kitoto. Wa kwanza aliniona nimezeeka kabla ya wakati, wa pili aliniona sijakua, na wote wawili walikuwa wakizungumzia kitu kilekile.

Sikumjibu yeyote, kwa sababu mmoja alikuwa mteja na mwingine mkubwa wangu. Lakini swali lenyewe limenikaa kichwani: je, kuna umri unaofaa kuwa mpenzi wa vichekesho vya runinga vya zamani?

Mmarekani akiulizwa hivyo anaelewa mara moja. I Love Lucy, ambayo ndiyo karani aliyoichungulia, ilianza kurushwa na CBS tarehe 15 Oktoba 1951 na ikamalizika mwaka 1957. Mmarekani mwenye miaka 80 anaweza kukumbuka sebule ambamo aliitazama akiwa mtoto, na mjukuu wake akiipenda, huonekana ameazima kitu cha babu yake. Kwetu kusini hesabu hiyo haitimii. Mwaka huohuo wa 1951 Waingereza walikuwa wamekubali kwamba mpango wao mkubwa wa kulima karanga umeshindwa, na kilichotubakia watu wa Mtwara ni bandari yenye kina kirefu, iliyokusudiwa kusafirisha karanga ambazo hazikupatikana. Zanzibar ilipata runinga katika miaka ya 1970. Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994, vituo binafsi vilipoanza kurusha matangazo. Kwa hiyo yule mzee na yule karani, waliopishana kwa zaidi ya miaka 40, wana undugu sawa na Lucy, yaani hawana. Labda mtu awe aliishi ng'ambo, lakini sijakutana na mzee wa hapa anayeweza kuniambia kwamba hivyo ni vichekesho vya ujana wake.

Vichekesho vya ujana wao vilikuwa vya redioni. Mama yangu, ambaye ana miaka 68, akisikia tu mtu anawataja Pwagu na Pwaguzi wa Radio Tanzania Dar es Salaam, huanza kucheka kabla hajaelezwa wametajwa kwa sababu gani. Mimi nikisikia majina hayo nakumbuka methali. Hapo nakiri kwamba umri una kazi yake, kwa sababu mama hacheki mchezo peke yake, anacheka pia nyumba aliyokuwamo, na betri za redio zilizoanikwa juani ili zipate nguvu ya jioni moja zaidi. Kicheko cha namna hiyo siwezi kukipata hata nikitafutiwa kanda zote.

Mimi nilimwona Lucy kwa mara ya kwanza mwaka 2005, diski zilipoletwa na binamu yangu kutoka Dar es Salaam. Daraja la Mkapa pale Rufiji lilikuwa limefunguliwa miaka miwili kabla, na safari ya basi ilikuwa imeanza kuwa safari, si msafara wa kubahatisha. Nilishangaa kuona picha safi kiasi kile katika mchezo wenye umri wa kumzidi mama. Baadaye nikajua sababu. Wakati ule michezo mingi ilirushwa moja kwa moja kutoka studio, ikahifadhiwa kwa kupiga picha kioo cha runinga, na nakala zake zilikuwa na ukungu. Lucille Ball, aliyemwigiza Lucy, na mumewe Desi Arnaz wao walitaka kubaki Hollywood, wakachezea mbele ya watazamaji huku kamera tatu zikirekodi kwa filamu ya sinema. Ndiyo maana marudio yake yaliweza kuzunguka dunia hadi yakafika Chikongola yakiwa hayajachakaa. Kwangu mchezo huo ni wa mwaka 2005, na kwa mwanangu wa kidato cha pili ni wa mwaka jana. Sioni nani kati yetu ana haki ya kumwambia mwenzake kwamba amechelewa.

Hata hivyo, tukiutazama pamoja hatucheki mahali pamoja, na hapa ndipo jambo linaponivutia zaidi. Katika ile sehemu ya kiwanda cha chokoleti, iliyorushwa mwaka 1952, Lucy na rafiki yake Ethel wanashindwa kwenda sawa na mkanda, wanaanza kuficha chokoleti mdomoni, kofiani na kifuani. Mwanangu huangua kicheko akiona mashavu yaliyovimba. Mama alitazama yote hayo ametulia kabisa, nikadhani hajaelewa. Kisha msimamizi akarudi, akakuta mkanda mtupu, akaamini kwamba kazi imefanyika vizuri, akaagiza mashine iongezwe kasi. Mama alipiga kofi, akajishika mbavu, machozi yakamtoka. Katika usichana wake alifanya kazi ya kubangua korosho kiwandani, kazi ambayo mafuta ya maganda huunguza vidole, na alituambia kwamba kosa kubwa la mfanyakazi mgeni lilikuwa kumaliza fungu lake mapema, kwa kuwa kesho yake fungu hilo liliongezwa. Mwanangu alimwangalia bibi yake kama mtu aliyeonyeshwa mlango nyuma ya kabati. Siku hizi na yeye humsubiri msimamizi.

Mimi mwenyewe nimebadilishwa na Fawlty Towers. Mchezo huo wa BBC una sehemu 12 tu, sita za mwaka 1975 na sita za mwaka 1979, na John Cleese aliupata baada ya yeye na wenzake kulala katika hoteli moja ya mji wa Torquay mwaka 1970 na kukutana na mwenye hoteli asiyependa wageni. Nilipokuwa na miaka 20 nilimwona Basil Fawlty, mwenye hoteli wa mchezo huo, kuwa mwendawazimu. Sasa nina miaka 12 ya kukaa mapokezi. Nilianza wakati wa pilikapilika za gesi, vyumba vikijaa watu wa mitambo na watu wa semina hadi tukiwalaza wengine kwa majirani. Kisha bomba la kwenda Dar es Salaam likakamilika, wageni wale wakaondoka, tukabaki na vitanda vipya na mkopo wa zamani. Tangu hapo ile sehemu ambayo Basil anamnyenyekea mgeni akidhani ni mkaguzi wa hoteli siicheki tena kwa utulivu. Mwaka fulani alikuja mtu mwenye shati jeupe la mikono mifupi na daftari jeusi, akauliza kama maji yanatoka muda wote. Niliamini kuwa ni afisa afya. Nilimpa chumba cha upande wa upepo, nikamwongezea taulo, nikamwamsha mpishi wakati wa mapumziko yake. Kumbe alikuwa anauza madaftari. Sasa nikimwangalia Basil nafumba jicho moja, kama mtu anayemwona ndugu yake akiaibika arusini.

Ningeweza kuishia hapo na kusema kwamba umri si kitu, kitu ni yale yaliyompata mtazamaji. Lakini lipo jambo jingine ambalo wanaobishana kuhusu vichekesho hivi nchi za mbali hawalitaji, pengine kwa sababu kwao halipo. Kwetu umri haumzuii mtu kucheka, ila unaamua acheke na nani. Bibi na mjukuu ni watani. Mama humwita mwanangu "mume wangu," humdai posho ya nyumbani, humlalamikia kwamba hamnunulii kanga, naye humjibu bila woga kwamba yeye hakuoa mwanamke asiye na meno. Mimi nikithubutu kumwambia mama nusu ya maneno hayo, kikao cha wajomba kitaitwa kabla jua halijachwa. Kati ya mzazi na mtoto kuna pazia, na maneno ya chumbani hayapiti hapo.

Hata hao Wamarekani waliwahi kuwa na pazia lao. Lucille Ball alipokuwa mjamzito na ujauzito wake ukaingizwa katika mchezo, wakubwa wa kituo hawakutaka neno lenyewe litamkwe, wakachagua la upole zaidi, kama sisi tunavyosema "mjamzito" mbele ya wakwe na kuliacha lile jingine la "mimba" mlangoni. Lakini pazia hilo lilishachanika ilipoanza The Golden Girls mwaka 1985, na mchezo huo ndio ulionitoa sebuleni kwangu.

Ni mchezo wa wanawake wanne wanaoishi nyumba moja huko Miami: watatu wa makamo na Sophia, mama wa mmoja wao anayeitwa Dorothy. Kwa suala la umri hakuna mchezo ulionichekesha zaidi, kwa sababu Estelle Getty aliyemwigiza mama alikuwa mdogo kwa mwaka mmoja na miezi kadhaa kuliko Bea Arthur aliyemwigiza binti. Wigi na vipodozi ndivyo vilivyomzaa Bea Arthur. Sisi hatukustahili kushangaa, maana mchekeshaji wetu marehemu Said Ngamba, aliyefariki mwaka 2014, tulimwita Mzee Small tangu nywele zake zikiwa nyeusi.

Mwanangu aliuleta kwenye flashi, akajitolea kumtafsiria bibi yake. Mwanzo mambo yalikuwa ya heshima. Mama alisikitika kusikia kwamba Sophia alikuwa amewekwa kwenye makao ya wazee na kwamba alihamia kwa binti yake baada ya makao hayo kuungua. Alitaka kujua kama Dorothy hana ndugu wa kumkanya. Alipenda namna Sophia anavyoanza masimulizi yake kwa kuwataka wenzake wavute picha ya Sicily ya zamani, akasema huyo ni mtu aliyelelewa, kwa sababu hadithi haianzi bila kumwandaa msikilizaji. Kisha Blanche, mmoja wa wale wa makamo, akaanza kueleza habari za wanaume zake, Sophia akamjibu, na mwanangu akanyamaza katikati ya sentensi, akanitazama. Mama naye akanitazama. Nilikumbuka ghafla kwamba sijafunga banda la kuku.

Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kufunga banda. Ndiye mimi niliyeleta vichekesho hivi katika familia, ndiye ninayejua mwaka na kituo cha kila kimoja, na ndiye mtu pekee ndani ya nyumba ambaye umri wake haufai. Mtoto wa miaka 15 anafaa, bibi wa miaka 68 anafaa. Wa katikati ndiye anayeharibu baraza.

Nisidhaniwe kwamba natetea kila cha zamani. Mind Your Language, iliyoanza mwaka 1977 huko Uingereza, yenye darasa la wageni wanaojifunza Kiingereza kwa Bwana Brown, niliipenda sana nikiwa kijana, na bado baadhi ya michezo yake ya maneno ni ya ustadi. Mwanangu aliitazama nusu saa akaniuliza kwa nini kila mgeni lazima awe mjinga kwa namna ya nchi yake. Nilitaka kumwambia kwamba ndivyo watu walivyocheka wakati ule, lakini nilikumbuka nilivyokuwa chuoni, wenzangu wakiniita "njomba" na kuigiza matamshi ya watu wa kusini kila nilipofungua mdomo, na jinsi nilivyojifunza kucheka nao ili yaishe. Tuliuzima mchezo, tukaenda kununua mkate. Yule karani angesema nimezeeka. Mimi naona mzaha ndio uliozeeka, na mtoto aliyeugundua hakuhitaji mvi.

Jumamosi iliyopita sauti ya Blanche ilipoanza kupanda nilitoka kama kawaida yangu, nikaketi kwenye mkeka barazani. Muda si mrefu mke wangu naye akatoka jikoni akiwa na bakuli la mchele wa kuchagua, kwa kuwa yeye ni mkwe na pazia lake ni zito kuliko langu. Aliniuliza kama kuku wamefungwa, nikamwambia wamefungwa, akakaa. Kupitia wavu wa dirisha tulisikia Sophia akisema neno, kisha sauti ya mwanangu ikilitafsiri kwa Kiswahili kilichopambwa kidogo kuliko ilivyohitajika, kisha mama akipiga kofi na kumwita mumewe mhuni. Hatukuona picha. Tulisikiliza tu, kama watu walivyowasikiliza Pwagu na Pwaguzi, na mke wangu alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya kanga. Sehemu nyingine sauti ilikuwa ndogo mno, lakini nisingeweza kumwambia mtoto aongeze.