Seremala wa Shume

Jana jioni nilitumiwa picha ya ukurasa mmoja wa kitabu cha zamani cha ubatizo, na usiku kucha usingizi haukunijia. Naandika haya sasa, kabla sijaanza kuyazoea.

Baba yake bibi yangu mzaa mama alikuwa Mjerumani. Kwetu Lushoto jambo hili halikufichwa wala halikutangazwa. Tulijua kwamba alikuwa seremala, alifanya kazi Shume kwenye misitu ya mitarakwa, na Waingereza walipoingia milimani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alichukuliwa asirudi. Jina lake la ukoo silitaji, kwa kuwa wenye jina hilo wapo hai.

Alichoacha ni Biblia ya Kijerumani ambayo mama mkubwa anaitunza ndani ya khanga. Familia nyingi za Kijerumani zilikuwa na desturi ya kuandika vizazi, ndoa na vifo katika Biblia ya nyumbani, na yeye alisafiri na ya kwao. Mwandiko ni ule wa zamani uitwao Kurrent. Herufi e inafanana na n, na u hutambulika kwa kijikunjo kilichowekwa juu yake. Nilijifunza kuusoma polepole, herufi kwa herufi, hadi nikaufikia mstari wake: amezaliwa 1879, katika kijiji kimoja karibu na Bielefeld, Westphalia. Mstari wa mwisho kabisa, kwa wino mwingine na mkono wake mwenyewe, ni wa bibi: 1911, Neu-Hornow. Hilo ndilo jina ambalo Wajerumani waliipa Shume.

Nikishakuwa na mwaka na kijiji, Ujerumani haikuwa ngumu. Prussia, dola la Kijerumani ambalo Westphalia ilikuwa sehemu yake, ilianza kuandikisha vizazi serikalini mwaka 1874, na kumbukumbu za vizazi hufunguliwa kwa kila mtu baada ya miaka 110. Nakala ilikuja. Baba yake naye alikuwa seremala. Orodha za abiria waliopanda meli Hamburg kuanzia 1850 hadi 1934 nazo zimehifadhiwa, na leo zinasomeka kwenye intaneti: jina, umri, kazi, mtu alikotoka, meli, bandari anayokwenda. Nikamkuta humo mwaka 1907. Seremala, daraja la tatu, Tanga. Hajaoa. Neno hilo la mwisho lilinipa ahueni kubwa, maana kwa muda mrefu niliogopa kwamba huenda alimwacha mke na watoto kule.

Shume ya wakati ule nimeisoma sana. Kampuni ya Wilkins & Wiese ilikuwa ikikata mitarakwa huko juu, na kwa kuwa hakukuwa na njia ya kushusha magogo, walijenga njia ya waya kutoka Neu-Hornow hadi stesheni ya Mkumbara, kwenye reli ya Tanga. Mbao zilining'inia juu ya mabonde zikishuka zaidi ya mita elfu moja hadi tambarare. Sehemu ya mtarakwa huo ilikwenda Ujerumani kutengenezewa penseli. Bibi alipenda kuweka vipande vya mtarakwa kati ya nguo zake ili wadudu wasiingie, na sanduku lake lilinukia hivyo mpaka alipofariki.

Kilichonisumbua ni ndoa. Mama mkubwa anasema mahari ilitolewa, mbuzi wakahesabiwa, wazee wa Kisambaa wakaridhia. Nikatafuta cheti cha ndoa nikakosa, na baadaye nikaelewa kwamba kisingeweza kuwepo. Mwaka 1906 serikali ya kikoloni ya Afrika Mashariki ya Kijerumani ilikataza kuandikisha ndoa kati ya Wazungu na Waafrika. Mwanamume aliyetoa mahari yake kwa heshima mbele ya wakwe hakuwa na ofisi ambayo ingempokea yeye na mkewe. Naona uchungu ninapofikiria watu wangapi wa milima ile wameitwa watoto wa nje kwa sababu ya amri iliyoandikwa mezani na watu wasiowajua.

Sasa ukurasa wa jana. Mtoto: bibi, jina lake la ubatizo. Mama: jina la Kisambaa, limeandikwa kwa makosa lakini ni lenyewe. Baba: mstari mtupu. Kisha safu inayofuata, ya baba wa ubatizo, na humo lipo jina lake kamili, na kazi yake, seremala, Neu-Hornow. Alisimama kanisani siku ile. Alimpokea binti yake mbele ya watu kwa cheo pekee alichoruhusiwa, na mchungaji aliyeshika kalamu bila shaka alijua anamwandika nani. Bibi aliishi maisha yake yote akiamini kwamba hakuna karatasi inayowaweka yeye na baba yake pamoja.

Wilhelmstal, yaani Lushoto, iliangukia mikononi mwa Waingereza katikati ya 1916, bibi akiwa na miaka 5. Wanaume wengi wa Kijerumani walipelekwa kwenye kambi za India na Misri, kisha wakarudishwa kwao. Pembeni mwa kumbukumbu ya kuzaliwa ya seremala imeandikwa ndoa ya 1922, karibu na kijiji chake. Kwa hiyo bibi ana wadogo zake upande ule, na wajukuu wao wapo.

Mama mkubwa hakutaka niwaandikie. "Watadhani tunadai mali, mwanangu." Nikamwambia nitaomba picha ya seremala tu, na nitawatumia nakala ya kurasa zote mbili, wa Biblia na wa ubatizo. Alinyamaza kidogo, kisha akakubali kwa sharti moja: barua ianze na jina la mama yake bibi na ukoo wake, ndipo la seremala lifuate, maana yeye ndiye aliyebaki na mtoto. Nimeiandika hivyo.