Siku niliyochora kwenye kioo cha dirisha

Hili neno la Kiingereza "perspective" mi nilikuwa nalijua kama mtazamo wa mtu tu, basi, mpaka siku moja kwenye darasa la uchoraji mwalimu akaingia hana karatasi, kashika maka peni. Akanisimamisha mbele ya dirisha, fumba jicho moja, kichwa usitikise, chora hapo hapo juu ya kioo lile jengo la ng'ambo kama unavyoliona. Nikaanza na kona, nikaja kwenye paa, aisee nikashangaa, mstari wa paa na wa msingi ambayo najua kabisa iko sambamba, hapo kwenye kioo ilikuwa inasogeleana. Nilivyosogeza kichwa kidogo tu mchoro wote ukaachana na jengo.

Akamwita mwenzangu, mfupi kuliko mimi, akamwambia weka jicho pale pale lilipokuwa la mwenzio. Ikabidi apande stuli. Akatulia, akasema duh, imekaa!

Ndo mwalimu akatueleza, hiyo sasa ndo perspective ya wachoraji, kuchora kitu kama jicho lilivyokiona likiwa sehemu moja, na neno lenyewe limetoka Kilatini, per ni kupitia, specere ni kutazama, na mchoraji Mjerumani Albrecht Dürer alilifafanua hivo hivo, kuona kupitia kitu. Kabla ya wachoraji, zama za kati perspectiva ilikuwa elimu ya mwanga na macho, ambayo wasomi wa Ulaya waliichota sana kwa Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, aliyeandika Kitab al-Manazir, kitabu cha mambo ya kuona, karne ya 11. Manazir! Ukoo mmoja na mandhari yetu, mi hapo nilisisimka kweli. Halafu mwanzoni mwa karne ya 15 Brunelleschi, msanifu majengo wa Italia, akachora jengo la ubatizo la mji wake wa Florence kwenye ubao, akautoboa tundu, unachungulia kwa nyuma huku umeshika kioo cha kujitazamia kwa mbele, unauona mchoro humo kwenye kioo, yani kila anayekuja jicho lake linakaa sehemu ile ile.

Maana ya mtazamo wa akilini Kiingereza kimekuja kuizoea baadaye sana, karne ya 18 huko. Sasa mi sipendi kabisa mtu akisema "hiyo ni perspective yangu" ili kufunga mjadala, kwa sababu lile tundu lilitobolewa ili mwingine naye aje achungulie, ahakikishe mwenyewe. Nilimwambia mwalimu hivo siku ile ile, tukabishana mpaka darasa la wengine likaingia.