Gari Lisilovuta na Namba 81

Mteja mmoja aliniletea stesheni wegoni yake hapa Nakuru akilalamika kwamba kwenye tambarare gari linakwenda vizuri, lakini likianza kupanda kuelekea Mau Summit halivuti, hata aksilereta ikikanyagwa hadi chini. Fundi aliyetangulia alikuwa ameshabadilisha sensa ya shinikizo la manifoldi (mabomba yanayogawa hewa kwa silinda za injini), kwa sababu swichi ilipofunguliwa bila kupiga injini, skana, kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, ilionyesha kilopaskali 81 ilhali kitabu kinataja 101.

Sensa ile haikuwa na kosa lolote. Kipimo cha 101 ni cha usawa wa bahari, cha watu wa Mombasa. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu na shinikizo la hewa yetu hukaribia 81, wakati Kisumu, kule chini ziwani, husoma kama 88. Ndiyo maana mimi huanza kwa kusoma hewa ya mahali nilipo, injini ikiwa imezimwa, na kulinganisha mengine yote na namba hiyo.

Injini ilipokuwa sailensi, yaani ikizunguka bila aksilereta kukanyagwa, nilipata 33, kipimo cha kawaida, kwa kuwa wakati huo kibamba cha throto, kile kinachofunguliwa na aksilereta, ndicho kinachobana hewa na kizuizi kilicho kabla yake hakijionyeshi. Hujionyesha throto ikiwa wazi kabisa na injini ikizunguka kwa kasi chini ya mzigo. Hapo shinikizo la manifoldi hupaswa kuwa chini ya lile la hewa ya nje kwa kilopaskali mbili tatu tu. Mlimani, mteja akiendesha nami nikitazama skana, tulipata 66. Tukaegesha kando, tukazima injini, tukasoma upya: 78. Kama egzosti ndiyo ingekuwa imeziba, kipimo kingebaki karibu na 78 huku nguvu zikikosekana, kwa hiyo sikuigusa.

Filta ya hewa ilijaa vumbi jekundu la murram, nami nikadhani kazi imekwisha. Kwa filta mpya tulipata 67. Ndipo nikaishika hosi ya mpira inayotoka kwenye kasha la filta hadi throto, ingali moto: ilikuwa imelowa mvuke wa oili na kulainika hata vidole viwili viliibonyeza ikagusana ndani, ingawa kwa macho ilionekana nzima. Injini ilipovuta hewa nyingi, hosi ilijifinya yenyewe.

Kwa hosi mpya, mlima uleule ulitupa 76. Sensa ya zamani, ambayo mteja alikuwa bado ameiweka kwenye dashibodi, niliijaribu tuliporudi gereji: 81.