Devi nne mezani: namna ninavyochuja wakandarasi hapa Bukavu

Mwenye kiwanja akitangaza kwamba anataka kujenga, haipiti wiki kabla hajaletewa bahasha tatu au nne, kila moja ikiwa na devi (makadirio ya bei ya ujenzi), nakala ya RCCM (usajili wa biashara), namba ya utambulisho wa kitaifa na cheti cha kodi. Karatasi hizo zina kazi yake, kwa sababu zinathibitisha kwamba kampuni ipo na kwamba mambo yakiharibika kuna wa kushtakiwa. Kama inajua kujenga, hilo halimo ndani yake. Masoko ya umma, yaani kandarasi za serikali, hapa Kongo yana sheria ya tarehe 27 Aprili 2010 inayodai ushindani na vigezo vilivyotangazwa mapema. Mtu binafsi hana wa kumfungulia bahasha, basi hushika bei peke yake.

Bei naisoma pia, ila naisoma nikitafuta uongo. Naanza na mstari wa zege. Zege la nguzo na mihimili kwa desturi hutiwa kilo 350 za simenti katika mita moja ya ujazo, yaani mifuko saba ya kilo 50. Chukua bei ya mfuko ya siku hiyo, uizidishe kwa saba: ikiwa bei ya mita ya ujazo iliyoandikwa kwenye devi haifikii hata simenti hiyo, kabla ya mchanga, kokoto, nondo na mishahara, mwandishi wake ama hajui hesabu, ama amekwisha kuamua kutia mifuko minne. Wa namna hiyo simwiti hata kwa mazungumzo, awe shemeji wa nani.

Wanaobaki nawaomba wanionyeshe ukuta wa kuzuia udongo walioujenga, uliokwisha kunyeshewa misimu miwili. Mji wetu umening'inia kwenye miteremko ya udongo wa mfinyanzi, na maji ndiyo yanayoangusha nyumba nyingi kuliko uzito wa paa. Nenda Machi au Aprili, mara tu mvua inapokatika, uyatazame matundu ya chini ya ukuta. Yakitiririsha maji, nyuma yake kulipangwa mawe ya kuchujia. Yakiwa makavu ilhali udongo wa juu umelowa chepechepe, maji yamefungiwa ndani, na ukuta ulioanza kutoa tumbo unakueleza yaliyobaki. Zungumza na mwenye nyumba bila mkandarasi kuwapo. Muulize kama simu ilipokewa baada ya malipo ya mwisho.

Wakibaki wawili, sitazami tena bei. Nauliza nani atakayeshinda kutwa kwenye shantie, yaani mahali pa ujenzi, maana ingenia (mhandisi) aliyetia sahihi huwa na shantie nyingine kadhaa, na anayesimamia mchanganyiko wa zege saa moja asubuhi ni kapita, msimamizi wa mafundi. Naomba kuonana naye kabla ya kusaini. Jina lake linaingia katika mkataba, na akibadilishwa bila mimi kuarifiwa, akonti inayofuata, yaani malipo ya awamu, hailipwi.