Mbu wa barazani, wiki ya sita: kumbe walikuwa wanashuka kutoka juu

Jana tumekaa barazani toka magharibi mpaka saa tatu usiku, na mama watoto hakujifunika kanga miguuni. Kwa nyumba hii yetu ya Tabata, hiyo ni habari.

Kivumbasi, mchaichai, maganda ya machungwa: vyote nilishavijaribu, sirudii. Ninayoitetea ni feni peke yake. Mbu hana ubavu wa kupambana na upepo. Ielekeze chini, usawa wa vifundo vya miguu, utakaa kwa raha kuliko na ile dawa ya kuchoma inayotuachia kikohozi. Ila umeme ukikatika, mapanga hayajasimama vizuri wao wamesharudi.

Kilichoninyima usingizi ni wanakotoka. Ndoo nimefunika, sahani za maua nimemwaga, tenki lina mfuniko. Mbu wako palepale. Na si wale wa miguu yenye madoa meupe, wanaouma mchana na kuleta dengi. Hawa ni wa hudhurungi, kazi wanaanza giza likiingia. Kuleksi hao, na kuleksi anapenda maji machafu. Nikageukia choo.

Chemba zote nikazimulika kwa tochi, mifuniko imekaa sawasawa. Siku tatu nazunguka nyumba kama mlinzi. Ya nne, nimeegemea nguzo, nikainua macho: bomba la kupumulia la shimo, inchi nne, limepanda na ukuta wa baraza hadi juu ya bati, mdomo wazi. Bomba hilo nimelipaka rangi mara mbili kwa mkono wangu!

Nikachukua mfuko wa mkate, nikaupaka mafuta ya kula kwa ndani, nikauvalisha bomba jioni. Alfajiri nikaushusha, nikahesabu kwa njiti ya kiberiti kabla ya chai. Mbu 63, wamenata, wengine miguu bado inacheza. Nilifurahi kama niliyeokota pesa.

Wavu wa kwanza, wa nailoni, niliukaza mno ukachanika kwenye ukingo wa bomba. Wa pili niliufunga kwa baindingi waya. Upepo wa usiku mmoja tu, nikaukuta kwa jirani. Mzee akanishauri nizibe kabisa kwa mfuniko. Sasa gesi ipite wapi, mzee wangu? Wa tatu ni wa alumini, nimeukunja inchi mbili kushuka chini, nikaubana kwa klipu ya mpira wa rejeta. Baindingi waya kwenye kitu cha mviringo sitaki tena kuisikia. Mfuko wa majaribio uliofuata: mbu 2.

Mpango ulikuwa kuzungushia baraza zima pazia la wavu. Mita 12 zimelala stoo na zitaendelea kulala, maana nimekumbuka Makunduchi. Kule Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti walimwaga punje za stairofomu, lile povu jeupe jepesi la kufungashia vitu, kwenye vyoo vya shimo, huku watu wakipewa dawa ya matende. Punje zinaelea, viluwiluwi wanakosa pa kupumulia, mbu jike anakosa maji ya kutagia. Nami ninayo stairofomu iliyokuja na friji!

Nikaanza kuikuna uani. Nusu imechukuliwa na upepo, nyingine iko kwenye nyusi zangu, na nimeshaagizwa mbuzi mpya ya nazi kabla ya Jumamosi.